Ingieni Msituni: Hotuba Kuhusu Mashindano ya Klabu za Upinde

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili waishio kusini mwa Uingereza. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana mliokusanyika hapa: walionizidi umri nawaambia shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa salamu ya kila mmoja wenu. Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru zaidi wale waliosafiri kutoka mbali asubuhi yenye baridi kama hii.

Nimeombwa nizungumzie mchezo wa upinde na mshale unaochezwa ndani ya misitu ya nchi hii, na ombi hilo nitalitimiza. Lakini nimekuja na jambo moja mahususi. Baadhi yenu mmekwisha kuhitimu mafunzo ya awali ya klabu, mnamiliki pinde zenu wenyewe, na kila Jumapili mnaonekana kwenye uwanja wa mazoezi mkirusha mishale hadi mabega yanachoka. Mbona hamwingii kwenye mashindano? Mnasubiri nini? Nimewauliza wengi wenu swali hilo faraghani, na jibu limekuwa lile lile: "Bado sijawa tayari." Leo nataka kuwathibitishia kwamba utayari huo mnaousubiri haupatikani kwenye uwanja wa mazoezi. Unapatikana ndani ya mashindano yenyewe.

Kwa ajili ya wageni, nieleze kwanza mchezo wenyewe. Upinde mliouona kwenye televisheni wakati wa Olimpiki, ambako Shehzana Anwar alishindana kwa niaba ya Kenya mwaka 2016 baada ya kuibeba bendera ya nchi yake katika sherehe ya ufunguzi, ni upinde wa uwanja tambarare. Mshindani husimama mita 70 kutoka kwenye shabaha yenye kipenyo cha sentimita 122, umbali haubadiliki, na mshale wa pili hurushwa kutoka pale pale uliporushwa wa kwanza. Huo ni mchezo mgumu, nami nauheshimu. Wa msituni ni mwingine kabisa. Hapa mnatembea kwa makundi ya watu wanne hadi sita kwenye njia inayopita katikati ya miti, mkipanda vilima na kushuka mabondeni, na kila baada ya hatua kadhaa mnakuta kigingi kilichopigwa ardhini na mbele yake mnyama: kulungu, mbweha, nguruwe mwitu, dubu, au ndege asiyezidi ukubwa wa kuku. Wanyama hao wametengenezwa kwa sponji ngumu au wamechorwa kwenye karatasi. Shabaha huwa 36 au 40 kwa siku, na hakuna anayekwambia ipi iko umbali gani. Kifaa cha kupimia umbali hakiruhusiwi, wala hairuhusiwi kumnong'oneza mwenzako makadirio yako.

Ziko taratibu za aina nyingi. Shirikisho la kimataifa la upinde wa msituni, lililoundwa mwaka 1970, lina mizunguko ya shabaha 28 ambayo umbali wake umeandikwa, na Shirikisho la Dunia la Upinde lina mizunguko ya shabaha 24, nusu ya umbali ikijulikana na nusu ikifichwa. Mimi nitashikilia utaratibu wa National Field Archery Society, chama kilichoanzishwa hapa Uingereza mwaka 1973, kwa sababu ndio unaofuatwa na klabu nyingi za msituni zilizo karibu nasi, na ndio ambao wengi wenu mtakutana nao.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hesabu ninayoieleza ndiyo kiini cha hotuba yangu. Katika mashindano yaliyozoeleka zaidi, mtu mzima husimama kwenye kigingi chekundu na kurusha mshale mmoja. Ukiingia mahali palipochorwa kuwa pa moyo na mapafu, anapata alama 20 na zamu yake imekwisha. Ukigusa sehemu nyingine ya mwili, anapata 16 na zamu yake imekwisha vile vile. Akikosa, anasogea mbele hadi kigingi cheupe na kurusha wa pili, ambao una thamani ya alama 14 au 10. Akikosa tena, anasogea hadi kigingi cha buluu kurusha wa tatu, ambao ni 8 au 4. Baada ya hapo ni sifuri, na kundi linaendelea na safari.

Mmeiona hesabu hiyo? Mshale wa kwanza uliogusa paja tu ni alama 16, na mshale wa pili uliopenya katikati ya moyo, ukiwa umerushwa kutoka karibu zaidi, ni alama 14. Narudia: mshale wa kwanza wa wastani unaushinda mshale wa pili uliokamilika. Kwenye uwanja wa mazoezi mnarusha mishale sita kwa mnyama yule yule, wa kwanza unapita juu ya mgongo, wa pili unarekebishwa, wa tatu unakaa mahali pake, nanyi mnarudi nyumbani mkiukumbuka wa tatu. Msituni hakuna anayeuliza habari za wa tatu. Mnaulizwa: ulipofika mahali ambapo hujawahi kusimama, ukamtazama mnyama ambaye hujawahi kumwona, uliamua nini mara ya kwanza? Mazoezi ya miaka kumi hayawezi kumpa mtu jibu la swali hilo ikiwa hajawahi kuulizwa.

Nitawapa kisa. Yuko mama mmoja katika jumuiya yetu, mzaliwa wa Tanga, muuguzi mstaafu, aliyeniruhusu kukisimulia bila kutaja jina lake. Aliingia mashindano yake ya kwanza akiwa na upinde mtupu, yaani usio na kioo wala pini ya kulengea, na kabla ya siku hiyo alikuwa ameniambia kwamba atatia aibu kundi zima. Katikati ya msitu tulifika mahali ambapo kulungu wa sponji aliwekwa ng'ambo ya korongo. Korongo lilikuwa limejaa majani makavu na kangaga, na kutoka kwenye kigingi chekundu chini yake hapakuonekana. Mnajua jicho linafanya nini mahali kama hapo? Ardhi isiyoonekana jicho huiruka, haliihesabu, na mnyama huonekana yuko karibu kuliko alivyo. Wanaume wawili waliotangulia, wenye uzoefu wa miaka, waliudharau umbali ule, na mishale yao ikajikita kwenye tuta la udongo, chini ya tumbo la kulungu.

Mama yule alisimama. Hakumtazama kulungu. Alitazama ardhi ya upande wetu, akapima kwa macho mpaka kwenye mwaloni uliokuwa ukingoni, kisha akageuka kuiangalia njia tuliyokuja nayo, kwa sababu kabla ya kufika kigingini njia ilipinda na kwenye kona ile alikuwa ameona korongo lote kwa ubavu, na alikumbuka kwamba lilikuwa pana. Ndipo akavuta uzi hadi vidole vyake vikagusa pembe ya mdomo, akatulia, akaachia. Ule mlio mdogo wa mshale unaoingia kwenye sponji, mliokwenda msituni mnaujua, ukasikika ng'ambo. Mshale ulikuwa kwenye bega la kulungu, nje kidogo ya mstari wa ndani, alama 16. Wanaume wale wawili walisogea kwenye kigingi cheupe, nao wakapata alama 10 kila mmoja.

Nawauliza, je, mama yule alijifunza hayo wapi? Hakuna uwanja wa mazoezi wenye korongo. Alijifunza siku ile ile, tangu shabaha ya kwanza, kwa kuwa mashindano yalimlazimisha kutazama. Aligundua kwamba mnyama aliye mwishoni mwa uchochoro mwembamba wa misonobari huonekana mbali kuliko alivyo, na kwamba aliyemulikwa na jua husogea karibu machoni. Aligundua pia kwamba ukubwa wa mnyama ni shahidi wa uongo, kwa sababu watengenezaji hutoa kulungu wadogo na kulungu wakubwa, na waandaaji wa mashindano wanapenda kuwachanganya. Na kwenye mteremko mkali alielezwa na wenzake, baada ya kila mtu kurusha, kwamba ukilenga chini ya kilima kwa kuufuata umbali unaouona, mshale utapita juu, kwa kuwa mvuto wa ardhi huuhesabu umbali wa ulalo tu. Hayo yote kwa siku moja.

Ndugu zangu, jambo la pili linahusu watu mtakaokuwa nao. Najua hofu iliyopo, na sitajifanya siioni. Tunajiuliza: nitapokewaje nikifika peke yangu katikati ya msitu wa Kiingereza, mahali ambapo pengine hakuna mwenye sura kama yangu? Mimi nawaambia nilichokiona. Mashindano haya yanaendeshwa kwa namna ambayo haiwezekani mtu kubaki mgeni. Kundi lako halikuchagua kuwa pamoja, limepangwa na waandaaji. Mnatembea pamoja kuanzia asubuhi hadi alasiri. Wawili kati yenu wanaandika alama, kila mmoja kwenye karatasi yake, na mwisho wa kila shabaha wanalinganisha. Mshale wako ukipotea kwenye kangaga, kundi zima litainama kuutafuta, na mmoja ataegemeza upinde wake mbele ya shabaha ili kundi linalofuata lijue kwamba kuna watu nyuma yake na lisirushe. Mtu aliyekutafutia mshale wako kwa mikono yake kwenye miiba, je, ataendelea kuwa mgeni kwako?

Na uaminifu! Hapa naomba nikae kidogo. Hakuna refa msituni anayesimama kwenye kila shabaha, wala hakuna kamera. Kuna kundi lenu tu, na sheria ya kwamba mshale hauguswi mpaka alama zimeandikwa. Nilikuwa kwenye kundi moja pamoja na kijana wa umri wa shule, mtoto wa wazazi wa Kikenya, na shabaha ilikuwa mbweha mdogo. Mshale wake ulikaa pale pale kwenye mstari unaotenganisha eneo la ndani na mwili. Waandishi wetu wawili, watu wazima, walitazama kutoka juu wakasema umekata mstari, wakataka kuandika 20. Kijana akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, akasogeza uso wake karibu na sponji, akasema kwamba kwa upande wa chini mstari ni mzima, haujakatwa. Wakainama wote wawili wakatazama, wakamkubalia, wakaandika 16, tukaendelea na safari. Hakuna aliyempigia makofi wala aliyemsifu, kwa sababu kila mmoja pale alichukulia kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Wazazi mlioko hapa, mnaotafuta mahali pa kuwalea watoto wenu katika ukweli bila kuwahubiria, fikirini juu ya jambo hilo.

Kuhusu usalama na sheria sitarefusha, lakini lazima lisemwe. Katika nchi hii kuwinda kwa upinde ni kosa. Sheria ya mwaka 1963 ilikataza mishale dhidi ya kulungu, na ile ya mwaka 1981 ikawafunika wanyama na ndege wengine wa porini. Msituni tunalenga sponji na karatasi peke yake. Kulungu halisi akipita mbele ya shabaha, jambo linalotokea, mnashusha pinde na kusubiri mpaka aende zake. Na mtu yeyote akiona hatari, awe mtoto au mzee, hupaza sauti "Fast!", na hapo kila uzi uliovutwa hulegezwa taratibu, bila kuuliza nani kasema na kwa nini. Msiende mashindanoni kabla neno hilo halijaingia mwilini mwenu.

Sasa nije kwa wazee wangu. Mzee mmoja aliniambia juzi, kwa upole lakini kwa msisitizo, kwamba huu ni mchezo wa Wazungu na kwamba tunapoteza muda. Mzee wangu, kwa heshima zote, naomba kutofautiana nawe. Je, upinde ni wa nani?

Ni kweli kwamba Waingereza wana historia nzito. Mwaka 1363 mfalme Edward III aliamuru wanaume wenye nguvu wafanye mazoezi ya upinde siku za sikukuu, akakataza michezo iliyowapotezea muda, mpira wa miguu ukiwemo. Nendeni Portsmouth, si mbali na hapa, mkaione meli ya Mary Rose iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982. Ndani yake zilipatikana pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,500, na kwenye mifupa ya baadhi ya mabaharia wale wataalamu waliona mabega ambayo huenda yaliathiriwa na kuvuta pinde nzito tangu utotoni. Nilisimama mbele ya pinde zile kwa muda mrefu. Zimechongwa kwa mti ambao Waingereza wanauita yuu, kwa ustadi wa kwamba ule ubao mweupe wa nje, unaostahimili kuvutwa, unabaki mgongoni mwa upinde, na ule mwekundu wa ndani, unaostahimili kubanwa, unabaki tumboni. Mti mmoja, sifa mbili, na fundi aliyejua kuzitumia zote.

Lakini nilipozitazama niliwakumbuka Waata wa nyika iliyo nyuma ya Malindi, waliokuwa wakiwinda tembo kwa pinde ambazo mvuto wake ulizidi ratili 100, sawa na pinde nzito za Ulaya, hadi Tsavo ilipofanywa hifadhi mwaka 1948 na maisha yao yakabadilika. Niliwakumbuka Wakamba, ambao jina lao haliwezi kutajwa katika historia ya Kenya bila upinde. Niliwakumbuka Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, ambao hadi leo mtoto wa kiume hupewa upinde akiwa bado mdogo, na mtu mzima hunyoosha ufito wa mshale wake kwa moto na meno. Waislamu wenzangu mnajua jinsi Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alivyohimiza kulenga shabaha. Kwa hiyo, mzee wangu, hatuendi msituni kuazima kitu cha watu. Na mjue kwamba mashindano haya yana madaraja kulingana na aina ya upinde, kuanzia ule wa kisasa wenye magurudumu hadi ule wa kale uliotengenezwa kwa mti na vitu vya asili peke yake, ukiwa na mishale ya mbao yenye manyoya halisi. Anayetaka kuchonga upinde wake mwenyewe kama alivyochonga babu yake ana daraja lake, na atashindana na wenzake wa daraja hilo tu. Natamani sana nimwone mmoja wetu akisimama kwenye kigingi chekundu na upinde wa namna hiyo.

Nimalizie na mambo ya vitendo, maana najua wapo wanaoyasubiri.

Vaeni viatu vya kupanda milima, si raba, kwa sababu matope ya msitu wa nchi hii hayana huruma. Nguo ziwe za kubana kifuani na mikononi, kwa kuwa koti pana hunaswa na uzi wa upinde. Kina mama wanaovaa buibui au mtandio mrefu watafute kinga ya kifua na kinga ya mkono, nayo inatosha. Mishale yote iandikwe jina au alama yako. Bebeni zaidi ya mnavyodhani mnahitaji, hasa wenye mishale ya mbao, kwa kuwa jiwe moja lililofichwa kwenye tuta huvunja mshale papo hapo. Asubuhi fikeni mapema, jiandikisheni, mrushe michache ya kupasha mwili joto, kisha mtasomewa majina ya makundi na kupelekwa kila kundi kwenye shabaha yake ya kuanzia, ili wote muanze kwa pamoja honi ikilia.

Chakula: katikati ya msitu mara nyingi kuna kibanda cha chai na mikate, na nyama inayouzwa hapo aghalabu ni ya nguruwe, hivyo wasioila wabebe chao. Chupa ya chai ya tangawizi na maandazi machache vitawapatia marafiki kuliko hotuba yoyote. Wanaoswali wamwambie kiongozi wa kundi mapema asubuhi. Wakati wa baridi Adhuhuri na Alasiri zinakaribiana sana, na kundi likijua litapanga mapumziko yake ipasavyo. Sijawahi kuona ombi hilo likikataliwa.

Msiangalie ubao wa matokeo katika mashindano ya kwanza. Chukueni karatasi yenu ya alama, hesabuni ni shabaha ngapi mlizipata kwa mshale wa kwanza, na mwende na hesabu hiyo kwenye mashindano ya pili. Hiyo ndiyo namba inayowahusu.

Watoto wanashindana katika madaraja ya umri wao na hurusha kutoka vigingi vilivyo karibu zaidi, lakini mtoto hapelekwi peke yake: mzazi au mtu mzima anayewajibika naye lazima awepo msituni siku nzima. Baba zetu, mnaowaleta watoto mazoezini na kusubiri ndani ya gari, hilo halitawezekana tena, na nadhani mtafurahi.

Mwenyekiti amenionyesha saa. Fomu za mashindano ya klabu jirani ziko mezani karibu na mlango. Anayeingia kwa mara ya kwanza aandike hivyo kwenye fomu, ili waandaaji wampange pamoja na wazoefu. Nipo tayari kwa maswali, na naomba tuanze na kina mama walioketi safu ya mbele.